Mtoto Niliyempima Mwaka Mzima

Siku mliyoniaga kwa kustaafu mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Mkaniomba pia niandike niliyoyaona kazini, ili nyinyi mnaobaki msirudie makosa yetu. Nilijaribu kuanza na mema, nikaona mema yangu hayana la kuwafunza. Kwa hiyo nitawaandikia kosa langu moja, lile ambalo sikuliandika kwenye ripoti yoyote. Vyeo na barua za kupandishwa ngazi nitaviacha. Vimo kwenye faili, na faili hakuna anayezisoma.

Kazi yenyewe mnaijua. Mzazi huja na mtoto ambaye hasemi, au hafuati anachoambiwa, au amekaa darasa moja miaka mitatu bila kushika herufi hata moja. Sisi humpima, kisha tukamwonyesha mzazi pa kuanzia: namna ya kumfundisha kushika kikombe, kuvaa nguo, kuomba maji. Watu hudhani tunashughulika na watoto. Mimi miaka yangu yote nilishughulika na mama zao, na mara mojamoja baba, akipatikana.

Nilianzia Kwale, juu kule kwenye ofisi za serikali, ambako asubuhi za baridi ukungu huingia mpaka mezani. Nilikabidhiwa kwa Mwalimu Kalama, mtu mrefu, mchache wa maneno, mwenye sanduku la bati lililobonyea pembe zote. Ndani mlikuwa na vibao vya mbao vya rangi, shanga kubwa na uzi wake, vikombe viwili, kengele ndogo, na mwanasesere asiye na mkono mmoja. Nilimwuliza kwa nini haombi mwanasesere mpya. Akasema, "Huyu watoto wameshamzoea," na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya asubuhi nzima.

Kalama alinifunza kukaa chini mkekani kabla ya kufungua karatasi. Alinifunza kutomtazama mtoto usoni robo saa ya kwanza, kumpa biskuti anapofaulu na si anapolia, na kumwachia mama amalize kusema hata kama anarudia. Jambo la mwisho niliona ni la kusumbua watu bure. Alitaka kila mtoto tukamwone kwao angalau mara moja, tujue analala wapi na anakula na nani.

"Kituoni wanakuonyesha wanachotaka ukione," alisema.

Nilimtii kila mahali isipokuwa kisiwa cha Funzi. Mimi ni mtu wa Kinango. Maji niliyokulia ni ya lambo, ya kunywesha ng'ombe, na hata hayo tuliyaingia mpaka magotini tu. Nilipohamishiwa Msambweni, na sanduku langu la kazi mfano wa lake, nikakuta kisiwa hicho kimo kwenye orodha yangu, nilibuni utaratibu wangu: siku moja kila mwezi ningekaa Bodo, upande wa bara, katika chumba cha kuazima jirani na madrasa, na wazazi wa kisiwani wavuke kuniletea watoto. Kwenye ripoti niliuita utaratibu huo kusogeza huduma karibu na wananchi. Woga wangu haukuandikwa popote.

Ndivyo alivyonijia Mwanamisi. Alikuwa mama kijana bado, buibui limelowa miguuni kwa kushuka kwenye mashua, amemshika mkono binti wa miaka mitano aliyemwandikisha kwa jina la Rehema.

"Hajasema tangu azaliwe, Mwalimu. Ukimwita haitiki. Hucheza na vidole vyake, basi."

Na kweli. Mtoto alikaa mkekani, akainua mkono wa kulia karibu na jicho, akaanza kugeuza vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, kisha akaanza upya. Nilipiga kengele nyuma ya kisogo chake, hakupepesa. Nilimwekea mwanasesere mapajani, akamwacha aanguke. Nilikuwa nimepima watoto wengi kufikia wakati huo, na kila mmoja alinichanganya kwa namna yake. Huyu hakunichanganya hata kidogo. Nilijaza karatasi nzima bila kufuta neno, nikafurahi. Naona haya kuandika kwamba nilifurahi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wakawa wanakuja kila mwezi. Nilimpa Mwanamisi kazi za kufanya nyumbani, naye akazifanya kwa bidii niliyoiona kwa wazazi wachache. Alisema, "Sasa anashika kikombe, lakini hukilaza upande wa kushoto," na mtoto akakishika mbele yangu, akakilaza upande wa kushoto. Nikampa biskuti. Mwezi mwingine alikilaza kidogo tu, mwezi mwingine kidogo kuliko hapo. Nilikuwa nikiandika maendeleo hayo kwa raha ya mwenye shamba.

Mambo mawili yalinisumbua. La kwanza, kila tulipotaka kuanza Mwanamisi aliinama akamnong'oneza mtoto sikioni, na uso wa mtoto ukafungwa kama dirisha la duka. Nilidhani ni dua. La pili, nilipoinua macho ghafla kutoka kwenye karatasi, mara nyingine nilimkuta mtoto ananitazama. Ananitazama sawasawa, kwa utulivu, kama mtu anayesubiri kuona utaandika nini. Kisha macho yale yalizimika, vidole vikaanza. Nilijiambia ni mwanga wa dirishani.

Mwezi wa kumi na mbili wa safari zao Mwanamisi alitoka kwenda kuswali adhuhuri, tukabaki wawili. Madrasa ilikuwa imefungwa, joto limewanyamazisha hata kunguru. Nilikuwa natunga shanga kwenye uzi, nikasema kwa mazoea tu, bila kutazama, "Rehema."

"Hayuko."

Ilikuwa sauti ya mtoto, ya chini, yenye adabu, kama ya mtoto anayemjibu mgeni mlangoni. Niliinua kichwa. Midomo yake ilikuwa imefumbwa na vidole vinageuka.

"Nani hayuko, mwanangu?"

Vidole havikusita. Vinyweleo vilinisimama mikono yote miwili katika joto lile. Halafu furaha ikaja ikafunika hofu, maana mwaka mzima nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye faili: Ametamka neno lake la kwanza.

Mwanamisi aliporudi nilimpa habari nikitaraji apige vigelegele. Alikaa chini. Uso wake ulipauka.

"Amesema kwa sauti gani, Mwalimu?"

"Sauti ya mtoto. Sauti gani tena?"

Hakuniuliza neno alilolisema. Alimbeba mtoto akatoka naye, viatu vya mtoto vikabaki mlangoni.

Siku iliyofuata nilipanda Kwale na faili langu, nikampa Kalama, nikangoja sifa. Aliusoma mstari mwekundu mara mbili.

"Umewahi kwenda kwao?"

"Ni Funzi, Mwalimu."

"Sikukuuliza ni wapi."

Nilivuka wiki iliyofuata. Ilikuwa saa nne asubuhi, bahari shwari, mashua ya injini, na mimi nimefumba macho njia nzima mpaka nahodha akaniuliza kama nilikuwa nasali. Niliposhuka nilitapika kwanza, kisha nikauliza kwa Mwanamisi.

Nyumba ilikuwa ya makuti, ua umefagiwa vizuri. Bibi mmoja, mama mkwe wake Mwanamisi, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Jina lake Bi Mwanakombo. Tulijuliana hali kwa utaratibu wote, yangu, ya watoto wangu, ya Kinango, na baada ya hapo hakunikaribisha ndani. Mwanamisi alitokeza mlangoni, akaniona, akajisogeza pembeni.

Ndani kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka wasichana wawili. Uso mmoja, kanzu za kitambaa kimoja, nywele zimesukwa mtindo mmoja. Kila mmoja ameinua mkono wa kulia karibu na jicho, na vidole vinageuka, kidole kilekile wakati uleule, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake. Sauti pekee ilikuwa ya nazi inayokunwa nje. Nilisimama na sanduku langu mkononi. Niliita, "Rehema," hakuna aliyegeuka. Nilipiga kengele, macho manne hayakupepesa. Hapo nilitamani kurudi kwenye mashua, na mnajua ninavyoichukia mashua.

"Ni mapacha," Mwanamisi alisema nyuma yangu. "Huyu ndiye Rehema. Yule ni Saumu. Saumu ni mzima, Mwalimu. Saumu alikuwa akisema mpaka tunamwomba anyamaze."

Alinieleza yote tukiwa tumekaa sakafuni. Rehema alipofika miaka mitatu bila neno, mganga alisema kilichomshika kimo katika maji ya mlango wa bahari, baina ya kisiwa na bara, na asiyavuke maji hayo mpaka atimize miaka saba. Bi Mwanakombo alilishika neno hilo. Kisha Mwanamisi akasikia kuna Mwalimu Bodo anayefundisha kina mama. Katika nyumba ile mapacha walitibiwa pamoja tangu wachanga: homa ya mmoja, dawa walikunywa wote, na kama mgonjwa hawezi kumeza, mzima alimnywea. Kwa hiyo Mwanamisi hakuona uongo wowote.

"Nikamwambia Saumu, nenda ukamwonyeshe Mwalimu mwenzio alivyo, apate kuiona shida yenyewe. Ukitoka pale unaacha."

Wiki nzima kabla ya kila safari Saumu alikaa kando ya Rehema, akimsoma. Mafunzo yangu Mwanamisi aliyafanya kwa Rehema kweli, na maendeleo ya Rehema Saumu aliniletea. Faili langu lilikuwa sahihi, kila mstari. Mwenye faili tu ndiye niliyekuwa sijamwona.

"Mwanzo alikuwa akiacha tukiingia kwenye mashua," Mwanamisi aliendelea. "Halafu ikawa mpaka tufike nyumbani. Halafu mpaka magharibi. Safari hii hajaacha. Leo siku ya nane. Asubuhi nyingine nawatazama nisijue yupi ni yupi. Nimemfunga Saumu uzi mkononi."

Ndipo nilipofahamu kwa nini aliniuliza habari ya sauti. Hakuwa na hakika tena ni nani aliyekuwa akikaa ndani ya mtoto wake.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, mikono myeupe kwa nazi. "Aliyemchukua wa kwanza amerudi kumchukua wa pili," alisema. "Na wewe, Mwalimu, mwaka mzima unamwita kwa jina la mwenzake. Ulitaka aende wapi?"

Biskuti zote nilizompa, nilimpa kwa kutokuwapo.

Saumu alipelekwa hospitali, kwani yeye hakukatazwa kuvuka maji. Daktari alisema masikio mazima, mwili mzima. Kalama nilimwambia mwenyewe, nimesimama.

"Umemfundisha mtoto mzima ugonjwa," alisema, wala hakupandisha sauti. Nililia mbele yake. Alingoja nimalize, kisha akasema, "Yule mtoto amepewa kazi. Ataiweka chini akiona mwenye kazi mwenyewe amefika. Nenda ukakae na Rehema. Saumu usimguse, usimwite."

Nikawa navuka kila Jumanne. Sikuzoea, msije mkadhani nilizoea. Nilikaa mkekani na Rehema, mtoto niliyemjua kila kitu chake na ambaye hajawahi kuniona. Nilijua kikombe kitalala upande gani kabla hajakishika. Nilijua ataiacha shanga ya tatu. Hiyo hali ya kumjua mtu usiyemjua ilinitisha kuliko bahari. Na kando yetu alikaa Saumu, akigeuza vidole, akilishwa kwa mkono kama kitoto, akikonda. Uzi ulikuwa ukilegea mkononi mwake wiki hata wiki, na Mwanamisi alikuwa akiukaza bila kuniambia, nami najifanya sioni. Wiki ya nne Bi Mwanakombo alinitandikia mkeka wangu mwenyewe, bila maelezo. Wiki ya sita Saumu hakumeza uji kabisa. Nilirudi bara nikiwa nimeamua kwamba Jumanne inayofuata nitasema ukweli wote ofisini, na mtoto alazwe, na mimi nifanywe watakavyo.

Jumanne hiyo Rehema alikunywa maji peke yake. Kikombe kilisimama wima. Alikiweka chini, na badala ya kurudi kwenye vidole vyake, akageuka. Huyu ambaye hakuwahi kumgeukia mtu aliutazama mkono wa dada yake kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha wake, akavishika vidole vya Saumu vyote kwa pamoja, akavifumba ndani ya kiganja.

Vidole vilisukuma, kisha vikatulia. Macho ya Saumu yalirudi polepole, kama ya mtu anayeamka kwenye nyumba ya wageni. Yalitazama ule mkono, yakanitazama mimi, yakamfikia mama yake.

"Mama, nina njaa."

Mwanamisi aliinuka kwenda jikoni, akaukuta ukuta badala ya mlango. Bi Mwanakombo alijiziba mdomo kwa leso. Mimi nililia waziwazi, na sikuona haya, wala sioni leo.

Saumu aliingia shule muhula uliofuata. Rehema alipotimiza miaka saba, bibi yake mwenyewe ndiye aliyemvusha, amemkumbatia njia nzima, na akaja kitengo chetu maalum Msambweni. Nilikaa naye miaka kumi. Alijifunza kuvaa, kufagia, kuosha vyombo, kusuka makuti ya kuezekea. Neno hakusema, si kwa mama yake wala kwangu, na nilikoma kulingoja. Nanyi nendeni majumbani, hata kama njia ni mbaya, hata kama mnatapika. Na msimpe mtoto biskuti kabla hamjajua mnampa kwa lipi.

Ningeishia hapo, lakini wiki mbili baada ya nyinyi kuniaga, Saumu alikuja kunitembelea. Siku hizi nimepanga Ukunda, nyuma ya Kona ya Musa. Yeye ni msichana mkubwa, yuko mapokezi katika hoteli moja Diani, na anasema lugha ambazo mimi nazisikia tu. Alileta samaki. Tulikula, tukazungumza habari za kisiwani, na mwisho nikamwuliza lile nililoogopa kumwuliza miaka yote: kama anakumbuka.

"Nakumbuka yote, Mwalimu. Nilikuwa nawasikia mkiniita. Mlikuwa mbali tu."

"Mbali wapi?"

Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. "Kule kwa Rehema. Mwanzo nilikuwa naigiza. Halafu siku moja pale kwako Bodo nikamkuta. Yuko peke yake. Sikuweza kumwacha."

"Na ukarudi vipi?"

"Yeye ndiye aliyenirudisha. Aliona nakonda."

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini.

"Bado huenda?"

"Jumamosi, nikiwa ofu. Tunakaa mkekani, nageuza vidole naye. Saa moja, saa moja na nusu. Mama hudhani nampumzisha yeye na kazi za kumwangalia." Akatabasamu. "Usiogope. Siku hizi narudi mwenyewe."

Niliogopa. Lakini nilimwuliza, kwa sababu nilikaa na mtoto yule miaka kumi na nisingeweza kulala bila kuuliza. "Na huko, anasema?"

"Rehema? Hanyamazi." Alianza kukusanya mifupa ya samaki kwenye sahani, kama mtu anayezungumza habari za kawaida. "Nilimwambia umestaafu. Akasema nikuletee shikamoo yake."

Nje watu walikuwa wakipita na mizigo yao ya sokoni.

"Marahaba," niliitika, kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anayemwitikia aliye chumba cha pili.